Shuleni Weusi tupo, ila siyo mbele ya ubao

Jumatano iliyopita kwenye saa nne asubuhi redio ya mkononi ikaita, nikaambiwa niende ofisini haraka kuna mtoto "wa kwenu". Wa kwetu maana ake anaongea Kiswahili. Nikashuka. Nikamkuta mtoto wa gredi ya kwanza, miaka sita, amekaa kwenye kile kiti cha plastiki cha bluu nje ya mlango wa mkuu wa shule, miguu haifiki chini, mikono kaibana katikati ya magoti, kichwa kakiinamisha mpaka kidevu kinagusa zipu ya jaketi. Wazazi wake ni Wakongo, wamekaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, wakaanzia Iowa kwenye kiwanda cha nyama alafu wakahamia huku Minnesota. Mezani kulikuwa na karatasi ya mwalimu wake, na kwenye sehemu ya kosa kuna mstari mmoja tu: mkaidi, anakataa kumtazama mwalimu anaposemeshwa.

Nikaisoma mara mbili.

Wewe unayesoma hapa, kama ulilelewa Tanga au Bukavu au Kisumu au Bujumbura, nadhani umeshaelewa kabla sijaendelea. Mama akikugombeza unatazama chini. Ukithubutu kuinua uso utaulizwa "unanitolea macho?" na swali hilo halikuwa linasubiri jibu. Kutazama chini ndo kusema nimekosa, nimesikia, nakuheshimu, vyote kwa pamoja bila kufungua mdomo. Huyu mtoto alipiga kelele kwenye foleni ya kwenda kunawa mikono, mwalimu akamsimamisha, yeye akatoa adabu yote aliyofundishwa kwao, na ile adabu ndo ikaandikwa kuwa kosa.

Nikachuchumaa nikamuuliza, baba, umefanya nini? Akanijibu kwa sauti ndogo bado anatazama viatu vyake, "nilimuambia samahani Mwalimu, yeye hakusikia."

Mwalimu ndo mimi. Watoto wote wa Kikongo na wa Kirundi pale shuleni wananiita hivyo, wamewazoesha mpaka wenzangu wa Kizungu, kuna wanaodhani ndo jina langu nililopewa na wazazi. Ila pale shuleni mimi siyo mwalimu, na hicho ndo kimenifanya nikae chini leo niandike.

Mimi ni para. Kwa wasiojua, para ni msaidizi wa darasani, analipwa kwa saa, anakaa pembeni ya watoto wenye uhitaji, anawasindikiza chooni, anasimamia chakula cha mchana, anamtoa nje mtoto akizidiwa na kilio ili darasa liendelee. Nyumbani Tanzania nilifundisha hesabu sekondari miaka saba, nina shahada ya ualimu, nina wanafunzi wangu ambao leo ni mainjinia. Huku nafungua vifuniko vya mtindi. Kazi ya para ni kazi ya heshima na naipenda, naomba mtu asinielewe vibaya, ila kuna kitu nimekiona miaka hii mitatu na sasa siwezi tena kukaa nacho moyoni.

Nikampigia mama yake yule mtoto. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, nadhani nilimwamsha. Nikamweleza karatasi inasema nini, akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza swali moja tu: "Sasa Mwalimu, mutoto atamutazamaje mukubwa mu macho?" Nilishindwa kumjibu palepale. Nikamwambia mama, nitaongea nao.

Na niliongea nao. Mwalimu wa yule mtoto ni dada wa Kizungu wa kama miaka ishirini na sita, kwa kweli ana moyo, ananunua biskuti na penseli za rangi kwa hela yake kwa ajili ya watoto wasiobeba kitu, Desemba nilimwona anamvisha mtoto glovu zake mwenyewe. Nilipomweleza habari ya kutazama chini alishika mdomo, machozi yakamlenga, akaenda kumwomba yule mtoto msamaha. Kwa hiyo mtu akija kuniambia shida ni Wazungu wenye roho mbaya namwambia hapana, mimi nafanya nao kazi, wengi roho zao ziko sawa kabisa. Shida ni kwamba mtoto wa miaka sita anapoinamisha kichwa, mtu wa kuamua kama hiyo ni heshima au ni ukaidi ni mmoja tu, na huyo mmoja hajawahi kuishi ndani ya nyumba ambayo kutazama chini kuna maana nyingine. Na pembeni yake hakuna mwalimu mwenzake wa kumwambia subiri kwanza.

Hili la heshima lina historia yake. Mwaka 2002 mtafiti Russell Skiba na wenzake walichambua rekodi za nidhamu za shule za mji mmoja mkubwa wa majimbo ya kati-magharibi hapa Marekani, wakaangalia watoto wanapelekwa ofisini kwa makosa gani. Watoto wa Kizungu walikuwa wanapelekwa zaidi kwa vitu ambavyo vikitokea vimetokea: kuvuta sigara, kuharibu mali, kutoka bila ruhusa, matusi. Watoto Weusi walikuwa wanapelekwa zaidi kwa kukosa heshima, kelele, vitisho, kuzurura. Angalia vizuri hiyo orodha ya pili. Sigara iko mdomoni au haiko. Ila kelele ni kelele kwa sikio la nani, na heshima imekosekana kwa jicho la nani?

Alafu kuna ule uchunguzi wa Walter Gilliam wa chuo kikuu cha Yale wa 2016, huo ukiusoma unakosa raha. Walimu wa watoto wadogo wa chekechea walionyeshwa video ya watoto wanne, mvulana na msichana Weusi, mvulana na msichana wa Kizungu, wakaambiwa watafute dalili za utukutu. Kwenye video hamkuwa na utukutu wowote. Kifaa cha kufuatilia mboni za macho kikaonyesha macho ya walimu yanakaa kwa mvulana Mweusi zaidi. Na walimu Weusi nao macho yao yalikwenda hukohuko, hilo nalo lisemwe, maana ugonjwa huu tumeunywa wote kwenye maji yaleyale. Ukimkodolea mtoto mmoja siku nzima, yeye ndo utamkamata, hata kama wanne wote wanarusha karatasi. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilitoa ripoti 2018: mwaka wa masomo 2013-14 wanafunzi Weusi walikuwa 15.5% ya wanafunzi wa shule za umma nchi nzima, na walikuwa 39% ya waliosimamishwa shule.

Hapa Minnesota tunashukuru tangu 2023 sheria imezuia kuwasimamisha watoto wa chekechea mpaka gredi ya tatu, isipokuwa kwa mambo mazito sana. Bila hiyo sheria sijui yule bwana mdogo angeishia wapi. Ila kiti cha bluu hakimo kwenye sheria. Alikikalia dakika hamsini, na hizo dakika hamsini wenzake walikuwa wanajifunza kusoma.

Sasa twende kwenye lile ninaloliona kila siku. Shule yetu zaidi ya nusu ya watoto siyo Wazungu. Ukiingia asubuhi, dereva wa basi aliyekuleta ni Mliberia. Mlinzi wa mlangoni ni Mmarekani Mweusi, anawajua watoto wote kwa majina. Jikoni kuna mama wawili wa Kiafrika, anayepiga deki korido ni mzee wa Kiethiopia, paras tuko sita na watano ni Weusi, Wasomali wawili, Mliberia, Mmarekani, na mimi. Walimu wa darasa ni ishirini na kitu. Mweusi ni mmoja. Mmoja! Yaani huwezi kusema shule haina watu Weusi, watu Weusi wamejaa, mtoto anaendeshwa na Mweusi, analishwa na Mweusi, akitapika anafutiwa na Mweusi, akilia anatolewa nje na Mweusi, ila wa kumwambia hili jibu ni sahihi na hili siyo, wa kuandika ripoti yake, wa kusema huyu ana kipaji na huyu ana shida, huyo karibu siku zote ni Mzungu. Mtoto anakaa hapo siku 170 na kitu kwa mwaka. Hakuna anayemfundisha hilo somo kwa mdomo na analielewa vizuri kuliko la hesabu.

Na siyo kwetu tu. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2020-21 zinasema walimu 80 kati ya 100 wa shule za umma Marekani ni Wazungu, Walatino 9, Weusi 6. Wakati huohuo wanafunzi wa Kizungu wameshuka chini ya nusu tangu 2014. Minnesota ndo kabisa, walimu wasio Wazungu ni kama 6 kati ya 100, hapo umeshajumlisha Weusi, Waasia, Walatino na wenyeji wa asili wote kwa pamoja, na wanafunzi wasio Wazungu ni zaidi ya theluthi.

Yule mtoto ana dada yake gredi ya nne. Huyu binti naomba nimweleze taratibu kwa sababu ndo aliyenifanya nisilale.

Nakaa darasani kwao kwa ajili ya mtoto mwingine, huyu binti yuko meza ya jirani. Siku moja wanafanya kugawanya, swali ni 936 gawa kwa 4. Naona binti anaandika 936 kushoto, anachora mstari wa kusimama, 4 anaiweka kulia kwake, chini ya 4 mstari wa kulala, anatulia kama anasikiliza kitu, anaandika 234 chini ya ule mstari. Amemaliza. Wenzake bado wanachora kile kibanda cha kugawanyia cha Kimarekani. Karatasi ikarudi na duara jekundu na maneno ya mwalimu: onyesha njia.

Jamani, njia alionyesha! Ile ndo njia ya Kifaransa, ndo wanavyogawanya Kongo, kigawanyo kinakaa kulia na jibu linakaa chini yake, na kutoa unatoa kichwani huandiki. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kambini Nyarugusu, kule watoto wa Kikongo wanasoma mtaala wa kwao kwa Kifaransa, akamfundisha mwanae jioni mezani kama alivyofundisha wengine miaka yote. Huyo baba sasa hivi yuko kwenye ghala la mizigo, anapanga maboksi usiku.

Nikampelekea mwalimu ile karatasi, nikamchorea, nikampa na mfano mwingine binti akaufanya mbele yake. Mwalimu akashangaa kweli, akarekebisha alama. Muungwana. Ila nikamuuliza kitu kingine: huyu binti ameshapimwa kwenye programu ya watoto wenye vipaji? Akasema hapana, hakuwahi kumfikiria, yuko kwenye ESL, yaani masomo ya wanaojifunza Kiingereza. Kwa sababu mama yake alipojaza fomu ya lugha ya nyumbani aliandika Kiswahili, mtoto akapimwa Kiingereza, akawekwa kwenye kundi la wanaojifunza lugha, na kuanzia hapo kila anayefungua faili lake anaanza na kile anachokosa. ESL yenyewe ni haki, Mahakama ya Juu iliamua tangu 1974 kwenye kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto akae tu haelewi. Mwanangu mwenyewe alipita huko na alipata mwalimu mzuri sana. Sikubaliani na wale wa kwenye grupu letu la WhatsApp wanaoshauriana "andika English tu usijisumbue", usidanganye kwenye fomu, lugha yako siyo kosa. Ila lebo ya lugha isigeuke kuwa lebo ya akili.

Watafiti Jason Grissom na Christopher Redding wa chuo kikuu cha Vanderbilt waliangalia hili la vipaji, 2016. Chukua watoto wawili wenye alama sawa za hesabu na kusoma, mmoja Mweusi mmoja Mzungu: yule Mweusi nafasi yake ya kuingizwa kwenye programu ya vipaji ni ndogo zaidi. Ila mtoto Mweusi akifundishwa na mwalimu Mweusi, nafasi inapanda kama mara tatu. Kwa sababu kwenye shule nyingi mlango wa hiyo programu unafunguliwa na mwalimu, yeye ndo anasema mpimeni huyu. Kaunti ya Broward kule Florida walianza 2005 kuwapima watoto wote wa gredi ya pili bila kungoja mwalimu amtaje mtu, na watoto Weusi na Walatino waliokuwa wamejificha pale wakaonekana, idadi yao ikapanda sana. Walikuwepo muda wote. Hakuna aliyewataja.

Kaka mmoja kwenye grupu hilohilo, mtu ninayemheshimu, aliniandikia: mwalimu mzuri ni mwalimu mzuri, rangi haifundishi hesabu. Nimelifikiria sana hilo, sitaki kulijibu kwa hasira. Ni kweli rangi haifundishi hesabu. Mimi mwenyewe nimefundishwa na walimu Weusi watupu na kati yao kuna walioniua moyo. Lakini kaka, kuna ushahidi siwezi kuukwepa. Jimbo la Tennessee miaka ya 80 walifanya jaribio kubwa la ukubwa wa madarasa, watoto wakagawiwa walimu kwa bahati nasibu, kwa hiyo huwezi kusema wazazi wenye bidii ndo walichagua. Mtafiti Seth Gershenson na wenzake wakawafuatilia wale watoto miaka mingi baadaye. Mtoto Mweusi aliyepata angalau mwalimu mmoja Mweusi kati ya chekechea na gredi ya tatu, uwezekano wake wa kumaliza sekondari ulikuwa juu kwa 13%, na wa kujiunga na chuo kwa 19%. Mwalimu mmoja. Mwaka mmoja wa utotoni.

Kwa nini? Mimi naamini sehemu kubwa ni kutarajiwa. Huyo Gershenson na wengine walikuwa wameshaonyesha 2016 kwamba ukichukua mwanafunzi mmoja Mweusi, huyohuyo mmoja, ukawauliza walimu wake wawili kama atafika mpaka shahada, mwalimu wa Kizungu ana uwezekano mdogo kwa kama 30% wa kusema ndiyo kuliko mwalimu Mweusi. Na mtoto anajua anatarajiwa nini. Yule binti wa 234 anajua. Baada ya alama kurekebishwa alianza kukaa wima, sitii chumvi, mgongo wake ulibadilika.

Kuna jambo gumu sasa, na linatuhusu sisi. Nyumbani kwetu sisi Waafrika wa huku, wengi tunawaambia watoto "usifuatane na Wamarekani Weusi." Nimelisema na mimi, mwaka wangu wa kwanza, mbele ya mwanangu, na naumia kwamba nililisema. Tunadhani tukijitenga nao tutaonekana wengine. Jicho la kwenye ile video ya Yale halikuuliza mtoto amezaliwa Kigoma au Alabama. Na zaidi ya hapo, hatujui nani alikikalia kiti hiki kabla yetu.

Tunaambiwa habari ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, 17 Mei 1954, Mahakama ya Juu ikapiga marufuku shule za kutenga watoto kwa rangi, na ni siku ya kujivunia. Ila kabla ya hapo kule kusini kulikuwa na maelfu ya walimu Weusi kwenye shule za Weusi, wengi wamesoma vizuri sana kwa sababu ualimu ulikuwa moja ya kazi chache ambazo mtu Mweusi aliyesoma aliruhusiwa kufanya. Watoto walipochanganywa, walimu hawakuchanganywa. Shule za Weusi zikafungwa, watoto wakapelekwa kwenye shule za Wazungu, na wazazi wa Kizungu hawakutaka mwanao afundishwe na Mweusi. Topeka kwenyewe, mji wenye ile kesi, mkuu wa shule za mji aliwaandikia barua baadhi ya walimu Weusi mwaka 1953, hukumu haijatoka, kwamba mikataba yao haitaendelea kama utengano ukifutwa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule Weusi zaidi ya 38,000 walipoteza kazi kwenye majimbo 17 ya kusini na mpakani. Fikiria mwanamke aliyefundisha miaka ishirini, anawajua watoto kwa majina na wazazi wao kwa majina, anaambiwa sasa kuna usawa kwa hiyo nenda nyumbani. Mtoto wake naye akimwambia mama nataka niwe mwalimu kama wewe, angemjibu nini?

Ndo maana nikisikia "Weusi hawapendi ualimu" nasononeka. Walifukuzwa.

Na mlango wa kurudi ni mwembamba. Nitaeleza wa kwangu. Shahada yangu ilibidi itathminiwe na kampuni ya huku, nikalipa. Chuo changu nyumbani kikachukua miezi tisa kutuma transkripti, yaani karatasi ya matokeo yangu, nikipiga simu naambiwa mhusika hayupo. Ikafika, ikaonekana ni sawa na shahada ya huku. Leseni za ualimu Minnesota tangu 2018 zina madaraja manne, lile la kwanza unaweza kulipata kwa shahada tu lakini ni la mwaka mmoja mmoja na shule lazima ionyeshe ilikosa mwenye daraja la juu, kwa hiyo unaishi roho juu. Ukitaka leseni ya kudumu upite mafunzo, na ndani ya mafunzo kuna wiki nyingi za kufundisha kwa mazoezi, na kwa kawaida hulipwi. Mimi ni para, bima ya afya ya mwanangu inatoka kwenye hii kazi, mke wangu anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Niache mshahara nusu mwaka nile nini? Dada wa Kisomali ninayefanya naye kazi alifundisha sayansi Nairobi, yuko palepale nilipo. Baba wa yule binti ndo hata shahada hana, cheti chake kilibaki kwenye vita. Ukijumlisha sisi watatu una zaidi ya miaka ishirini na tano ya kufundisha, iko kwenye ghala na kwenye meza za chakula cha mchana, alafu wilaya ya shule inatangaza kila Agosti kwamba walimu ni wachache.

Na hata ukiingia, kutoka ni rahisi. Ikifika kupunguza watu, aliyeingia mwisho ndo anatoka kwanza, na walimu Weusi wengi ndo walioingia juzi. Machi 2022 walimu na wasaidizi wa Minneapolis waligoma karibu wiki tatu, moja ya mambo waliyoyapata kwenye mkataba ni kinga kwa walimu wa makundi yenye watu wachache wasifagiliwe kwa kigezo hicho peke yake. Kuna waliolipeleka mahakamani wakisema ni ubaguzi kwa Wazungu. Alafu Februari 2025 wizara ya elimu ya Marekani ikafuta ruzuku za mafunzo ya ualimu za zaidi ya dola milioni 600, ikisema zinaendeleza mambo ya kugawa watu, na Aprili Mahakama ya Juu kwenye kesi ya majimbo manane ikaruhusu pesa ziendelee kuzuiwa. Mingi ya mipango hiyo ndo ilikuwa inamsaidia mtu kama para alipiwe masomo akiwa bado anapokea mshahara.

Mtu mmoja anaweza kuniuliza, sasa wewe ukiwa mwalimu ndo utamaliza ubaguzi? Hapana. Tena najua mzigo unaonisubiri. John King alipokuwa waziri wa elimu wa Marekani aliandika 2016 kuhusu kodi isiyoonekana ambayo walimu wasio Wazungu wanalipa, na naielewa hata bila leseni, maana ile redio ikiita "wa kwenu" huwa naacha kazi yangu nakimbia. Mtoto Mweusi yeyote akichafuka moyo analetwa kwangu. Nimekuwa mkalimani, mshenga, na askari wa zamu bila senti ya ziada. Nitaendelea kwenda, siwezi kumwacha mtoto kwenye kile kiti, lakini nataka siku moja nikiitwa niwe na kalamu mkononi ya kuandika na mimi kwenye ile karatasi.

Wazazi, mkutano wa wazazi na walimu wa Novemba huo unakuja. Nendeni hata kama mmetoka zamu. Mkalimani ni haki yenu, ombeni mapema, msimtumie mtoto kutafsiri. Ulizeni mtoto amepelekwa ofisini mara ngapi na kwa kosa gani kwa maneno yaliyoandikwa. Ulizeni kama amepimwa kwa ajili ya vipaji, na kama hajapimwa, ombeni apimwe, andikeni kwa imeili ili ibaki. Na mwambieni mwalimu mambo ya nyumbani, kwamba kwetu mtoto anatazama chini.

Binti wa 234 anapimwa tarehe kumi na nne. Mama yake aliniuliza avae nini, nikamwambia nguo yoyote ya shule, akasema hapana, atavaa ile ya Pasaka.

Na mimi nimepata nafasi kwenye mpango wa jioni wa kuwakuza walimu kutoka humohumo shuleni, ule wa pesa za jimbo, wasaidizi kumi na wawili, tunaendelea na kazi huku tunasoma. Dada wa Kisomali naye kachukuliwa. Darasa la kwanza ni Jumanne saa kumi na mbili jioni. Mke wangu anakuwa kazini siku hizo, nikawa nahangaika nani atakaa na mwanangu, yule mama wa Nyarugusu akasikia, akanipigia mwenyewe, akasema Jumanne zote mtoto atakula kwake na baba wa nyumba atamsimamia hesabu kabla hajaenda ghalani.